Wezi Wawili wa Vaidiliai

Inspekta Zita Stulgiene hakupenda kesi inayojikiri yenyewe kabla ya saa nne asubuhi. Miaka ishirini na mitatu ya upolisi ilimfundisha kwamba mwizi wa kweli hukukaribisha kiti, hukupa pole ya safari, kisha hukana mpaka povu limtoke. Lakini Mzee Baltrus Girdenis, mtunza bustani wa nyumba kubwa ya Vaidiliai, alikuwa amekaa mbele yake kwenye benchi la jikoni, kofia mapajani, viatu vimepigwa brashi, na miguuni kikapu chenye soksi mbili, mkate mweusi na kipande cha sabuni. Mzee alikuwa amekwisha fungasha.

"Andika mimi," alisema. "Picha nimeiba mimi. Twende zetu, jua lisije likatuchoma njiani."

"Mzee, hata jina sijakuuliza."

"Jina langu unalijua. Marehemu mama yako alikuwa akija hapa kununua tufaha, na wewe ukipanda juu ya miti yangu kuiba nyingine. Sikukushtaki, au nilikushtaki?"

Zita alifungua daftari ili apate mahali pa kutazama. Ilikuwa kweli.

Kilichoibwa ni picha ya Bibi Apolonija Daujotiene, mama mwenye nyumba wa zamani, iliyochorwa kabla ya vita vya kwanza vya dunia. Mabibi wa nyumba nyingine kubwa za Lithuania walichorwa wameshika kipepeo cha mkono au mbwa mdogo. Bibi Apolonija alitaka achorwe ameshika nusu mkate wa shayiri nyeusi, kwa sababu mkate ule aliuoka mwenyewe na hakuona kitu kingine cha kujivunia zaidi. Mashemeji zake hawakumsamehe mpaka walipoingia kaburini. Jana, Jumanne, picha ile ilikutwa haipo, fremu imebaki ukutani tupu.

"Haya. Ulipitia wapi?" Zita aliuliza.

"Mlangoni. Ufunguo ninao."

"Saa ngapi?"

"Juzi, Jumatatu. Mchana."

"Ukaichukuaje?"

"Kwa mikono."

"Fremu ukaiacha?"

"Nzito."

"Ile fremu alichonga baba yako, Mzee. Kama ungeiba kitu kimoja katika nyumba hii, ungeiba fremu."

Baltrus aliigeuza kofia yake, akaitazama kwa ndani kana kwamba jibu limeshonwa humo. "Ndiyo maana naujua uzito wake," alisema.

"Na picha iko wapi?"

"Nimeichoma."

"Umechoma picha ambayo baba yako aliificha ndani ya ukuta wa banda la nyuki, ikakaa humo miaka hamsini, asiijue mtu?"

"Nilisikia baridi."

"Mwezi wa sita?"

"Mifupa ya wazee haina kalenda, mwanangu."

Zita aliandika yote, akamsomea, akampa kalamu. Baltrus alisaini kwa furaha ya mtu anayepokea barua ya posta. Jambo lenyewe halikuwa la kuchekesha. Mkuu wa kituo alikuwa amempa Zita mpaka jioni, na jioni hiyo ama arudi na mzee wa miaka sabini na mitatu kwenye gari, ama arudi na mwizi mwingine. Kwa umri ule, gereza halina kifungo kifupi.

Alimwacha jikoni, akaenda sebuleni.

Shamba la ushirika liliwahi kuitumia nyumba hiyo kwa miaka arobaini, na sebule ile ndiyo iliyokuwa ghala la nafaka. Mpaka leo sakafu ilinukia shayiri siku za joto. Paa lilivuja pembeni, nguzo moja ya barazani ilisimama kwa msaada wa gogo, na viti vilikuwa kumi na viwili, kila kimoja cha aina yake, kwa kuwa vililetwa na watu wa kijiji, kila nyumba kiti kimoja, siku Bi Tekle, mwenye nyumba wa sasa, aliporudi kutoka uhamishoni. Zita aliipenda sebule ile kuliko makumbusho yote aliyowahi kupelekwa na shule.

Alianza na fremu. Vijipini vilivyoshikilia picha vilikuwa vimeng'olewa na kupangwa juu ya kizingiti cha dirisha, kumi na sita, hakuna hata kimoja kilichopinda. Alijaribu kung'oa kimoja kilichobaki pembeni kwa kisu chake cha mfukoni. Kilipinda mara moja. Aliyefanya kazi ile alikuwa na koleo lake maalumu, na mkono uliozoea.

Kisha dirisha. Lilikuwa limefungwa kwa komeo kutoka ndani, barabara kabisa. Lakini rangi ya zamani iliyogandamana kwenye ukingo ilikuwa imepasuka upya, na utando wa buibui ulikuwa umechanika nusu, buibui mwenyewe akihangaika kuurudishia. Dirisha lile lilifunguliwa siku hizi mbili tatu, kisha mtu akalifunga tena. Mtu anayetoka kwa dirisha hawezi kulikomea akiwa nje.

Mwisho aliinama sakafuni. Sebule nzima ilikuwa na vumbi la wiki nzima, isipokuwa njia moja nyembamba kutoka dirishani mpaka chini ya fremu, iliyopigwa deki ikang'aa. Katika ufa wa ubao, Zita aliokota kipande cha nyasi kavu.

"Hutapata kitu hapo," sauti ilisema nyuma yake. "Nimepafuta vizuri."

Ni Bi Tekle Daujotaite, binti wa Bibi Apolonija na mtu wa mwisho wa ukoo wa Daujotas. Alikuwa na miaka sabini na minane, mwembamba kama ufito, na amesimama wima kama aliyekatazwa kuegemea kitu tangu utotoni. Mwaka arobaini na moja wanajeshi waliovamia nchi waliwapakia yeye, wazazi wake na kaka yake kwenye behewa la ng'ombe kwenda kambi za Siberia. Alirudi peke yake, miaka mitatu iliyopita. Baltrus ndiye aliyemngoja kituoni, na kabla hata ya kumpa mkono, alimwambia, "Mama yako yuko nyumbani." Akamfungulia ukuta wa banda.

"Nimesikia yule mzee amekiri," Bi Tekle alisema. "Mwongo mkubwa. Mwizi ni mimi. Andika."

Zita alikaa chini palepale sakafuni. "Bi Tekle, nakuomba. Sina karatasi za kutosha."

"Nitakupa zangu."

"Mtu hawezi kuiba picha ya mama yake iliyomo nyumbani mwake."

"Anaweza. Ijumaa ilikuja barua ya ofisi ya mambo ya kale kwamba picha itapelekwa Vilnius, mji mkuu, ihifadhiwe huko mpaka paa litengenezwe. Paa lile mimi sitaliona likitengenezwa, wewe unajua na mimi najua. Nikaitoa mwenyewe."

"Ulipanda juu ya nini?"

"Kiti."

"Na bega lako hilo bovu?"

"Bega ni langu, nalipangia kazi ninayotaka."

"Jumatatu ulikuwa kwa daktari mjini. Dereva wa basi anakumbuka, kwa sababu ulipanda na furushi kubwa likachukua kiti cha mtu."

"Ndimo ilimokuwa picha."

"Ndimo lilimokuwa godoro lako la manyoya, ulilompelekea Mama Vanda alijaze upya. Nimekwisha mpigia simu. Anasema bata wako walikuwa wembamba."

Bi Tekle alikunja midomo. Zita alijua uso ule. Ndio uso uliomtazama mlinzi wa kambi na mlinzi akageukia pembeni. Alikumbuka hadithi ya kiangazi kilichopita, ambayo kijiji kizima kiliisimulia kwa kicheko na machozi. Kundi la nyuki lilikuwa limehama kutoka mizinga ya Baltrus, likaruka ua, likatua kwenye mti wa mlinde unaogusa dirisha la Bi Tekle. Kwa watu wa pale nyuki haulizwi bei wala hadaiwi. Akihama kwako akaja kwangu, ametuchagua, nasi tumekuwa ndugu wa nyuki kuanzia siku hiyo. Udugu huo hauchanjiwi damu wala hauandikwi, lakini ndugu wa nyuki hawagombani, hawanyimani asali, na hawashtakiani. Baltrus, mwana wa mwendesha farasi wa nyumba ile, na binti wa nyumba kubwa wakawa ndugu kwa amri ya wadudu. Tangu hapo Baltrus aliacha kuvua kofia akiingia jikoni, na Bi Tekle alimpigia kelele kila alipoivua kwa mazoea.

"Swali moja tu," Zita alisema. "Baada ya kuitoa picha, ulilikomea dirisha saa ngapi?"

"Dirisha lipi?"

Zita alinyanyuka, akarudi jikoni, akasimama mlangoni.

"Mzee Baltrus, baada ya kuiba, ulipiga deki na maji ya moto au ya baridi?"

"Deki gani?"

"Asante," Zita alisema, akafunga daftari.

Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi alijisikia vizuri. Mambo yalikaa sawa kabisa. Baltrus alirudi kutoka kufyeka nyasi za bondeni Jumatatu alasiri, akakuta dirisha wazi na fremu tupu, akakumbuka furushi la Tekle kwenye basi, akasema moyoni amefanya vyema, akalikomea dirisha asijue mtu. Kisha Tekle akarudi, akakuta fremu tupu na nyayo zenye nyasi sakafuni, akasema moyoni huyu ni Baltrus, akisikia serikali inakuja huficha, ndivyo alivyofundishwa na baba yake. Akapiga magoti na bega lake bovu akazifuta. Kila mmoja aliharibu ushahidi wa mwenzake. Na kama mmoja alifunga dirisha asilolifungua, na mwingine akafuta nyayo asizoziacha, basi yupo mtu wa tatu aliyefungua na kukanyaga.

Ila mtu wa tatu huyo alimpotea kwa nusu saa nzima. Zita alimfikiria kwanza kijana mmoja wa kijijini aliyewahi kuiba mabomba ya shaba kwenye kanisa. Alimpata kwa simu hospitalini, mguu umetundikwa tangu wiki iliyopita kwa kuanguka kutoka paa jingine. Zita alimtakia afueni, akalifuta jina lake.

Mama Brone, mpeleka barua, ndiye aliyemwonyesha njia. Alifika saa sita na baiskeli yake, akashusha gazeti, akashusha na maneno.

"Kwani yule bwana wa picha hajaja leo?"

"Bwana wa picha yupi?"

"Yule fundi, Kuncius. Mwenye gari la kijivu. Jumatatu nilipishana naye hapa kwenye njia ya milinde, saa kama hizi. Nusura anitie mtaroni. Ana sanduku la mbao juu ya gari, refu, bapa, kama jeneza la mtu mwembamba."

Zita alimpa kiti na bakuli la supu baridi nyekundu ya bitiruti, akamwomba arudie polepole huku akiandika.

Remigijus Kuncius alikuwa fundi wa kutengeneza picha za kale, mtu wa mjini, aliyeajiriwa kuifungasha picha kwa safari ya Vilnius. Jumamosi alikuja kuipima, akakaa sebuleni peke yake saa nzima, muda wa kutosha kulegeza komeo la dirisha, akawaambia wenyeji kwamba ni picha nzuri ya kumbukumbu lakini ya mchoraji asiye na jina. Jumanne asubuhi alikuja na blanketi zake, akakuta fremu tupu, na ni yeye aliyepiga simu polisi. Ni yeye pia aliyeuliza kwa sauti mbele ya watu ufunguo wa sebule anakaa nao nani. Kuna wezi wa namna hiyo, wanaokimbiza wenzao mbio huku wamebeba mali.

Zita alimpigia simu kwa sauti ya uchovu. Akamwambia kesi imekwisha, mzee amekiri, imebaki saini moja ya shahidi, samahani sana kwa usumbufu.

Kuncius alifika saa nane. Viatu vyake vilikuwa safi na tabasamu lake lilikuwa la pole.

"Inasikitisha," alisema akikaa. "Mzee kama yule. Lakini umaskini, Inspekta, umaskini."

"Ndiyo hivyo. Niambie tu kwa ajili ya karatasi, Jumatatu ulikuwa wapi?"

"Mjini. Karakanani kwangu."

"Mpeleka barua anasema alikuona hapa."

Tabasamu halikutikisika sana. "Jumatatu? Ah, kweli bwana! Nimechanganya siku. Nilipita hapa dakika chache tu."

"Na sanduku."

"Na sanduku, ndiyo." Alicheka, akajigonga paji la uso. Zita alimwona akitafuta, macho yakienda dirishani, yakitua kwenye mizinga ya bluu na njano iliyojipanga chini ya milinde. "Nyuki. Nilinunua kundi la nyuki kwa huyo huyo mzee. Mama mkwe wangu anakaa Alksnine, siku nyingi analilia nyuki. Nikamchukulia."

"Alikuuzia mwenyewe? Baltrus?"

"Mkono kwa mkono. Pesa taslimu, litas mia moja na hamsini. Hakutaka kuandika risiti, unajua wazee."

"Saa ngapi?"

"Saa sita, saa sita na nusu. Jua kali kabisa."

"Akawatia kwenye sanduku, ukaondoka nao."

"Ndiyo."

"Wote?"

"Wote. Kundi zima, walikuwa wametulia humo mzingani."

Zita aliandika kila neno. Baba yake mwenyewe alifuga mizinga mitano, na kuna mwaka njaa iliingia nyumbani, mtu wa kiwandani akaja na noti mkononi kutaka kundi moja. Baba alimpa chai, akampa asali ya bure, akamfukuza. Mtoto yeyote wa pale alijua kwamba nyuki ukimwuza, waliobaki wanakufa na mikono yako inakauka. Na hata asiyeamini hilo alijua kwamba saa sita ya jua kali kundi liko kwenye maua ya shambani, si mzingani. Anayewahamisha nyuki hungoja giza.

"Soma, kisha usaini hapa," alisema. Kuncius alisoma, akasaini kwa mapambo. "Sasa kuna utaratibu mmoja mdogo. Muuzaji lazima athibitishe." Akaita kuelekea jikoni, "Mzee Baltrus! Njoo kidogo!"

Baltrus alikuja na kikapu chake, tayari kwa safari, na Bi Tekle akamfuata nyuma akibishana naye bado kuhusu nani mwizi.

"Mzee, huyu bwana anasema juzi ulimwuzia kundi la nyuki kwa litas mia moja na hamsini."

Kikapu kilianguka. Sabuni iliteleza mpaka chini ya meza.

"Nimefanya nini?"

"Umeuza nyuki."

Mzee aliyekuwa mpole siku nzima, aliyesaini gereza lake kwa furaha, alipandwa na damu shingoni mpaka masikio yakawa kama yamechovywa kwenye supu ya Mama Brone.

"Wewe!" alimwambia Kuncius, akimnyooshea kidole. "Mimi nimekubali wizi! Nimekubali kuchoma picha! Uniite mwizi, uniite mlevi, sema nimemwua padri, nitasaini! Lakini kuuza nyuki? Mimi? Baba yangu alikufa hajauza nyuki! Babu yangu alikula magome ya miti hakuuza nyuki!"

"Mzee amesahau..." Kuncius alianza.

"Nimesahau? Nina makundi saba, na kila asubuhi nawasalimia saba! Inspekta, chana karatasi ile! Nafuta kukiri! Sikubali kukaa na mtu wa namna hii kijiji kimoja, sembuse kufungwa naye chumba kimoja!"

"Kwa hiyo picha hukuchukua?" Zita aliuliza.

"Picha gani? Alichukua huyu!" Akamwonyesha Bi Tekle, kisha akaushika mdomo wake kwa mkono.

Bi Tekle alimtazama. "Mimi?"

"Si uliondoka na furushi..."

"Lilikuwa godoro, mjinga wewe! Mimi nikidhani ni wewe! Nimesugua sakafu ile mpaka leo siwezi kuinua kikombe!"

"Kwa nini usugue?"

"Na wewe kwa nini ulikiri?"

Zita aliwaacha wakatazamana, akamgeukia Kuncius, ambaye alikuwa amesimama na kuanza kutafuta funguo za gari. "Kaa," alimwambia. "Au twende wote. Alksnine ni kilomita kumi. Tukawaone hao nyuki, tumsalimie na mama mkwe."

Njia ya mwongo ni fupi, na ile ya Alksnine ilikuwa fupi kuliko zote. Mama mkwe alikuwa bibi mchangamfu aliyetoka nje na mikono ya unga. Alipoulizwa habari za nyuki wake alisema Mungu apishe mbali, yeye akiumwa na nyuki mmoja hufura kama andazi. Sanduku alilijua. Lilikuwa bandani nyuma ya kuni, mkwe wake alisema lina vioo, lisiguswe mpaka Ijumaa, kuna rafiki yake atakuja kulichukua kulivusha mpaka.

Zita alilifungua mwenyewe, mbele ya bibi yule na mashahidi wawili wa jirani. Halikuwa na harufu ya nta hata kidogo. Alifunua blanketi ya kwanza, akafunua ya pili. Bibi Apolonija alimtazama kutoka gizani na mkate wake mkononi, mtulivu kabisa, kama mtu aliyekwisha zoea kufichwa. Zita alijifanya anakohoa vumbi.

"Mchoraji asiye na jina, sio?" alimwuliza Kuncius.

Baadaye kidogo, Kuncius akiwa kwenye kiti cha nyuma cha gari la polisi, alisema, "Ningejuaje kwamba hawauzi nyuki? Kila kitu kinauzwa siku hizi."

"Siku hizi," Zita alikubali. "Ndiyo, vingi."

Alipomleta mshukiwa kupitia Vaidiliai kuirudisha picha na kuchukua mikataba ya fundi, Baltrus alisogea garini, akapitisha kikapu chake dirishani. "Chukua soksi, bwana," alisema bila uchokozi. "Nasikia sakafu yao ni ya saruji." Kisha akatema mate upande wa pili, kwa heshima ya nyuki.

Ilibaki kazi ya karatasi. Zita alimkabidhi mshukiwa kwa wenzake waliokuja na gari la pili, akaketi mezani jikoni na fomu mbili mpya. Picha ilikuwa imeegemezwa ukutani juu ya sanduku la kuni, na Bi Tekle alikuwa akikata mkate mbele yake. Mkuu wa kituo alikwisha sema kwa simu kwamba ataandika Vilnius mwenyewe, kwamba picha ni ushahidi wa kesi, haiwezi kuondoka wilayani mpaka hukumu, na hakimu wao hakuwahi kumaliza kesi chini ya miaka sita. Bi Tekle alisema miaka sita inamtosha, na mingine itabaki.

"Kukiri kosa usilolifanya nalo ni kosa," Zita alisema, akijaribu kuwa mkali. "Nyinyi wawili mmenipotezea siku. Kuna fomu ya kufuta maelezo, na lazima ijazwe sababu. Mzee Baltrus, wewe kwanza. Ulidanganya kwa sababu gani?"

Baltrus alikuna shingo. "Lazima iandikwe?"

"Lazima. Jaji ataisoma."

"Jaji! Haya, andika. Nilidhani Tekle ndiye aliyeichukua. Nikapiga hesabu ya nani afungwe. Mimi nina watoto wawili mjini Kaunas, nina wajukuu, wataniletea chakula, watanililia hata. Tekle hana mtu. Nikaona afadhali mimi. Basi, hiyo ndiyo sababu, hakuna nyingine."

Zita aliandika. Aliandika polepole, kwa sababu mistari ilikuwa inamchezea machoni.

Bi Tekle aliweka kisu mezani.

"Inspekta, futa hiyo."

"Ndiyo sababu aliyoitoa, Bi Tekle. Siwezi kuibadilisha."

"Sikwambii ufute yote. Futa pale aliposema sina mtu. Nimekaa miaka hamsini na moja mahali ambapo maneno hayo yalikuwa kweli, najua yanavyokuwa yakiwa kweli. Hayaendi kwa jaji na jina langu. Ni uongo, na huyu leo amekwisha danganya polisi vya kutosha."

Baltrus aliitazama meza. Mkono wake ulikwenda kichwani kutafuta kofia ya kuvua, ukakuta haipo.

"Mzee?" Zita aliuliza. "Maelezo ni yako. Nifute?"

Mzee aliitikia kwa kichwa.

Zita alipiga mstari juu ya maneno yale, akaandika juu yake, *Tekle anaye mtu*, kisha kalamu ikasimama. Alikuwa mtu wa utaratibu, na utaratibu ni utaratibu.

"Nikiandika yupo, fomu inataka jina lake kamili," alisema.

"Girdenis," Bi Tekle alisema, akausukuma mkate katikati ya meza, kipande cha kwanza upande wa mzee. "Baltrus, mwana wa Ignas. Andika vizuri, yasomeke."